Wangari Maathai: Kutoka Uchunguzi wa Kupe hadi Bungeni

Jina la Profesa Wangari Maathai linapotajwa, aghalabu wasomaji hukumbuka miti na Tuzo ya Nobeli. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kuwa mwanaharakati alikuwa mwanabiolojia, na kwamba siasa zake zilichipuka ndani ya taaluma hiyo, si kando yake. Makala haya yanadhamiria kuifuata njia hiyo ya kutoka biolojia hadi siasa.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mkuyu, kwani mti huo uliheshimiwa kuwa wa Mungu. Jirani na mkuyu huo palikuwa na kijito, na humo mtoto Wangari alijaribu mara nyingi kuyainua mayai ya chura akidhani ni shanga, yakamponyoka vidoleni. Miaka mingi baadaye, akiwa msomi, alibaini kwamba mizizi ya mkuyu hupenya mwamba na kuyafungulia njia maji yaliyo chini ya ardhi. Wakati huo mti ulikuwa umekwisha kukatwa na kijito kimekauka.

Alihitimu masomo ya sekondari Loreto, Limuru, mwaka 1959. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani chini ya mpango uliohusishwa na Tom Mboya. Alipata shahada ya biolojia huko Kansas mwaka 1964, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Aliporejea Nairobi mwaka huohuo akiwa na barua ya kazi katika idara ya zoolojia, alikuta nafasi yake imekwisha kupewa mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kuwa kabila na jinsia ndivyo vilivyomponza. Aliyemwokoa ni Mjerumani, Profesa Reinhold Hofmann, aliyempa kazi katika anatomia ya mifugo. Baada ya kusoma Ujerumani pia, alitunukiwa uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 kwa utafiti kuhusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe. Hakuna mwanamke mwingine wa Afrika Mashariki na Kati aliyekuwa amemtangulia katika daraja hiyo.

Mgeuko wake ulitokana na kupe. Katika miaka ya 1970 alikuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuwaangamiza ng'ombe wa kisasa. Kazi hiyo ilimtoa maabarani na kumpeleka mashambani viungani mwa Nairobi kukusanya kupe. Akiwa huko aliona mambo ambayo hakutumwa kuyaona: mito iliyojaa udongo mwekundu, ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho, na watu waliokonda vilevile. Alihitimisha kwamba tishio kubwa kwa ng'ombe halikuwa kupe bali ardhi iliyovuliwa miti yake. Hitimisho hilo ni la kibiolojia kabisa, lakini linazua swali la kisiasa papo hapo: ni nani aliyeivua ardhi hiyo, na kwa idhini ya nani?

Jibu lake la kwanza lilikuwa la vitendo. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana hadi Kamukunji, mashariki mwa Nairobi, upande uleule wa jiji ulio na mitaa ya Mowlem na Umoja. Wakapanda miche saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii mojawapo ya Kenya. Huo ndio mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Ni vyema wakazi wa Eastlands walijue hilo, maana historia hii husimuliwa kana kwamba ilianzia na kuishia Uhuru Park.

Gharama zilikuja upesi. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1979. Mumewe alipomtaka aliache jina la Mathai, aliongeza irabu moja tu na jina likawa lake. (Wanafunzi wa mofolojia watafurahia kisa hiki!) Mwaka 1982 alijiuzulu ualimu wa chuo kikuu, kama sheria ilivyomtaka, ili agombee kiti cha ubunge Nyeri. Akazuiwa kwa hoja kwamba hakuwa mpiga kura aliyesajiliwa. Alipoiomba kazi yake siku hiyohiyo, aliambiwa imekwisha kujazwa. Akaondoshwa pia katika nyumba ya chuo. Profesa mshiriki aliyewahi kuongoza idara akabaki bila mshahara, na watoto watatu wa kulea. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Maathai wa historia alipopatikana. Laiti angerudishiwa kazi, yamkini tungemsoma katika majarida ya anatomia pekee.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1989 alipinga jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, likashindikana. Mwaka 1992 aliketi na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kisiasa, akapigwa hadi kuzirai. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani akitetea msitu wa Karura. Desemba 2002 wapiga kura wa Tetu walimchagua kwa takriban asilimia 98, naye akawa waziri msaidizi wa mazingira.

Si haki kuficha doa. Mwaka 2004 aliripotiwa kudai kwamba virusi vya Ukimwi vilitengenezwa na wanasayansi kama silaha. Baada ya kutunukiwa Nobeli mwaka huohuo, alitoa taarifa kukana kwamba aliamini virusi hivyo viliundwa ili kuwaangamiza Waafrika. Hata hivyo, madai hayo yakitoka kwa mwanabiolojia yalikuwa na uzito ambayo yasingekuwa nao yakitoka kwa mwanasiasa wa kawaida.

Mwaka 2007 alipoteza kiti chake. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani ya ovari. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi, na mwili ukachomwa Kariokor. Majivu yake yalizikwa Kabete, katika taasisi yenye jina lake, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi.