Frederick Arnot, Mskoti aliyeishi miaka miwili kwa Mwami M'siri

Kila tarehe 20 Desemba, Wayeke wanakusanyika Bunkeya, mashariki mwa Kolwezi, kumkumbuka Mwami M'siri. Siku hiyo mwaka 1891 alipigwa risasi na afisa wa msafara wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Karibu miaka sita mbele yake, mzungu mwingine aliingia mji huo bila askari, na mwenyeji wake hakupata kwake alichokuwa anakitaka.

Frederick Stanley Arnot alizaliwa Glasgow mwaka 1858. Alikulia Hamilton, ambako familia ya David Livingstone ilikuwa inaishi, akacheza na watoto wa msafiri huyo. Mwaka 1881 alipanda meli kwenda Afrika Kusini, kisha akafika kwa Lewanika, mfalme wa Walozi. Lewanika alipokuwa anatafuta rafiki wa kuaminika kati ya Lobengula na Khama, Arnot alimshauri amchague Khama. Mwaka 1884 alitoka huko, akatembea hadi Benguela, pwani ya Angola. Ni upande huo alipopata habari kwamba mfalme wa Garenganze anaita wazungu.

M'siri naye alikuwa mgeni katika nchi hii. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, mtoto wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Utajiri wake ulitoka katika shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa, na nguvu yake katika bunduki. Alihitaji baruti. Basi alikuwa anangoja wachuuzi.

Akapata mhubiri. Arnot alifika tarehe 14 Februari 1886, akiwa na miaka 27. Kabla ya kupokelewa, waganga walipima kwa dawa kama moyo wake ni mwema. Alipokubaliwa alijenga nyumba yake, akakusanya watoto waliokuwa watumwa au yatima, akawa anaingia kwa mfalme kuongea naye. Aliona pia mafuvu ya watu yaliyopamba boma. Kwa mahubiri hakuvuna watu wengi. Desemba 1887 walifika wenzake wawili, Swan na Faulknor, na mwanzoni mwa 1888 yeye akaondoka.

Hapa ndipo hesabu yake inakuwa ngumu. Inasemekana alimwonya M'siri asitie alama kwenye karatasi yoyote kabla haijatafsiriwa, na onyo hilo lilimsaidia Mwami kumrudisha mikono mitupu Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, mwaka 1890. Lakini Arnot huyohuyo, alipofika London, alieleza safari zake mbele ya wanajiografia, na mwaka 1889 akatoa kitabu kilichoitwa kwa jina la nchi hiyo, Garenganze. Wajerumani na Wareno walikuwa wamepita Katanga kabla yake, kwa hiyo siwezi kumbebesha mzigo wote. Hata hivyo, ndani ya mwaka 1891 pekee walikuja Le Marinel, Delcommune, kisha Stairs, ambaye watu wake walimuua Mwami.

Arnot alirudi Afrika mara nyingine na mkewe Harriet Fisher, akaendelea kufungua vituo vya misioni. Alifia Johannesburg tarehe 15 Mei 1914. Wakati huo Union Minière ilikuwa na miaka mitatu tayari ikiyeyusha shaba ya Katanga pale Lubumbashi.