JACQUES COUSTEAU, BABA WA WAPIGA MBIZI
Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua kila mwaka kurasa hizi hujaa maisha ya wanasiasa na washairi. Leo niwie radhi, nitakupeleka baharini kwa Mfaransa mmoja mwembamba, mwenye pua ndefu, aliyependa kuvaa kofia nyekundu ya sufu.

Habari yenyewe ilianza kwa mjomba wangu. Mjomba hupeleka wageni kutazama samaki kule Watamu. Huwapa miwani ya maji, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira, kisha yeye hutangulia kuogelea akiwaonyesha kwa kidole. Sheria yake ni moja tu: hakuna kusimama juu ya matumbawe. Likizo iliyopita alinionyesha kwenye simu yake ile filamu ya pweza ya Afrika Kusini iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2021. Nikaona msitu chini ya maji! Msitu hasa, si mchezo. Mwani uliosimama wima kama miti, majani yake yakiyumba huku na huku, na jua likipenya juu kama linavyopenya katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Nikamwuliza mjomba atanipeleka lini. Akacheka. Alinieleza kuwa mwani ule hautaki maji ya moto kama yetu, huota kwenye bahari baridi, kama vile Cape, California, Chile na Norway. Basi nikamwuliza ni nani aliyewazoesha binadamu kuteremka baharini kutazama tu, bila ndoana wala mkuki. Akanitajia jina moja: Cousteau. Ndipo nikaanza kusoma.

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux, Ufaransa. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, damu haba, lakini maji aliyapenda. Familia yao ilihamahama kwa sababu ya kazi ya baba, hata wakakaa Marekani kwa muda. Huko, kwenye kambi ya watoto kando ya ziwa, alipewa adhabu ya kutoa matawi yaliyozama chini. Wewe ungelia. Yeye akajifundisha kubana pumzi na kuangalia chini ya maji. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kujivunia. Alivunja madirisha ya shule akafukuzwa, wazazi wakampeleka bweni la nidhamu kali. (Walimu wasije wakadhani nawafundisha wenzangu ujeuri!) Kitu kimoja tu kilichomtuliza ni kamera ya sinema aliyojinunulia akiwa na miaka 13.

Mwaka 1930 aliingia chuo cha jeshi la majini kule Brest. Ndoto yake haikuwa bahari hata kidogo, alitaka kuwa rubani. Lakini mwaka 1936, akiwa karibu kumaliza mafunzo ya urubani, gari alilokuwa akiendesha usiku lilipata ajali mbaya. Mikono yote miwili iliumia, mmoja ukavunjika mahali pengi. Madaktari walitaka kuukata mkono, akakataa katakata. Ndege zikamwisha hapo. Alipelekwa Toulon, kwenye bahari ya Mediterania, na huko rafiki yake Philippe Tailliez alimshauri aogelee kila siku ili mikono ipate nguvu. Tailliez huyo huyo ndiye aliyempa miwani ya maji. Cousteau akainamisha uso mara moja tu. Juu aliona mji, magari na watu wakitembea. Chini akaona majani ya bahari na samaki, ulimwengu mwingine kabisa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa bahari. Mwaka uliofuata alimwoa Simone Melchior, wakazaa wana wawili, Jean-Michel na Philippe.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui. Kwa nini mrija wa kupumulia ni mfupi? Mbona usiwe mrefu kama mita tano, mtu ateremke hadi chini? Jibu ni uzito wa maji. Kila ukishuka mita 10, mgandamizo huongezeka sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Hata ukishuka mita moja tu, kifua hubanwa mpaka ushindwe kuvuta hewa ya juu. Basi mwenye mrija hukaa usoni mwa maji, akitaka kuzama hubana pumzi, na muda si muda lazima arudi. Cousteau hakuridhika. Alijaribu mtungi wa oksijeni tupu, nusura afe, kwa sababu oksijeni tupu kwenye kina hugeuka sumu.

Dawa ilitoka mahali pasipotarajiwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia petroli ilikuwa adimu Ufaransa, magari yakaendeshwa kwa gesi ya makaa. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kupima gesi hiyo. Baba mkwe wa Cousteau alifanya kazi katika kampuni ya Gagnan, akawakutanisha. Mwaka 1943 wakaigeuza vali ile iwe ya mpiga mbizi: ukivuta, inakupa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yanayokuzunguka, usipovuta, inafunga. Jaribio la kwanza katika mto Marne halikwenda vizuri, kwani alipolala kichwa chini hewa ilikatika. Wakarekebisha, na mwezi Juni mwaka huo Cousteau akaelea baharini kama samaki, akapinduka, akasimama kwa kichwa, hewa isikatike.

Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Mwaka 1946 yeye na rafiki yake Frédéric Dumas walizama katika chemchemi ya Vaucluse, wakaponea chupuchupu, kumbe hewa ya mitungi yao ilikuwa imechafuliwa na moshi wa injini. Mwaka 1947 mwenzao Maurice Fargues aliteremka hadi mita 120 ili kujaribu kifaa kile, akafa. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.

Mwaka 1950 tajiri mmoja Mwingereza alimkodisha meli iitwayo Calypso kwa faranga moja kwa mwaka, yaani bure. Zamani meli hiyo ilikuwa ya kusafisha mabomu baharini. Kwa Calypso alizunguka Bahari ya Shamu hadi Bahari ya Hindi yetu hii, upande wa Seychelles na Aldabra. Huko ndiko ilikopigwa sehemu ya filamu yake ya Ulimwengu wa Kimya, iliyotoka mwaka 1956 ikashinda tuzo kuu ya Cannes na Oscar pia. Mwaka 1963 alijenga nyumba chini ya maji karibu na Port Sudan, watu watano wakaishi humo mwezi mzima, kina cha mita 10, pamoja na kasuku wao. Ati kasuku!

Ila lazima niseme ukweli wote. Ndani ya filamu hiyo hiyo ya mwaka 1956, watu wake walilipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki waliokufa. Walipanda kobe kama farasi. Meli yao ilimjeruhi mtoto wa nyangumi, na papa walipokuja kumla, mabaharia wakawavuta papa hao wakawaua kwa mashoka kwa hasira. Nilimwonyesha mjomba sehemu hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba angekuwa ndani ya meli ile angeomba ateremshwe. Mtu aliyetufundisha kutazama ndiye aliyelipua! Nimelifikiria sana jambo hili, na kwa maoni yangu yeye mwenyewe alibadilika kwa sababu aliendelea kurudi mahali pale pale. Mwaka 1960 alipinga mpango wa nchi yake wa kutupa takataka za nyuklia katika Mediterania, na mpango ukaachwa. Mwaka 1973 akaunda chama cha kutetea bahari.

Kuanzia mwaka 1968 vipindi vyake vya televisheni viliingia sebuleni mwa watu, na hapa tunarudi kwenye msitu wetu. Kipindi kimoja cha mwaka 1971 kilihusu fisi maji wa baharini, mnyama anayeishi katika misitu ya mwani ya California. Mwani ule mkubwa hauna mizizi ya kunyonya chakula; hushika mwamba kwa vidole vyake, na vibofu vya hewa ndivyo vinavyousimamisha. Unaweza kurefuka kama nusu mita kwa siku, mahindi ya shambani kwetu yaone haya. Adui wake ni kile kijinyama cha mviringo chenye miiba kama nungunungu, kinachotafuna shina hadi msitu ukaanguka. Fisi maji humla huyo adui. Wawindaji wa ngozi walipowamaliza fisi maji, misitu mingi iligeuka jangwa. Wakawekewa mkataba wa kuwalinda mwaka 1911, na mwaka 1938 kikundi kidogo kikaonekana tena kwenye pwani ya California. Siku hizi viongozi wa huko huwaingiza wageni msituni kwa mrija na vazi zito la mpira. Huwafunza mambo mawili: ukiibuka, tanguliza mkono juu ya kichwa ufungue majani, ukinaswa, tulia, usipigane nayo. Mjomba aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi aliyesikia habari za fundi mwenzake.

Uzee wa Cousteau ulikuwa na machozi. Tarehe 28 Juni 1979 mwanawe Philippe, aliyekuwa mpigapicha wake na mrithi wake, alikufa kwa ajali ya ndege iliyokuwa ikitua majini karibu na Lisbon. Simone, aliyeishi ndani ya Calypso kuliko mumewe na kulelea mabaharia kama watoto wake, alifariki mwaka 1990. Mzee aliendelea kupigania Antaktika isichimbwe madini, na mkataba ukatiwa sahihi Madrid mwaka 1991. Januari 1996 tishari liliigonga Calypso bandarini Singapore ikazama. Iliinuliwa, lakini haikusafiri naye tena. Yeye alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87, akazikwa kule kule Saint-André-de-Cubzac alikozaliwa.

Mjomba ameanza kuweka akiba ya kwenda Cape. Anasema vazi la mpira ataazima, baridi ataivumilia. Mimi nimemwambia aniwekee nafasi.