Robert Trumpler, Mpimaji wa Mafungu ya Nyota

Mwaka huu nawaletea maisha ya bwana mmoja ambaye huku kwetu Sindo hatajwi sana, ingawa wataalamu wa nyota duniani kote wanamjua. Naye ni Robert Julius Trumpler.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1886 mjini Zürich, Uswisi. Alisomea chuo kikuu cha huko, kisha akaenda Göttingen, Ujerumani, alikopata shahada ya uzamifu mwaka wa 1910. Alirudi kwao akafanya kazi ya upimaji wa ardhi. Mwaka wa 1915, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, alihamia Marekani. Baadaye aliajiriwa katika kituo cha kuangalia nyota cha Lick, juu ya Mlima Hamilton, California.

Mwaka wa 1922 yeye na mkuu wake, William Campbell, walipiga picha za kupatwa kwa jua huko Wallal, Australia. Picha hizo zilionyesha kwamba nuru ya nyota hupinda ipitapo karibu na jua, kama Einstein alivyobashiri. Hapo tu angestahili sifa! Lakini kazi iliyompa jina ni ya mafungu ya nyota.

Fungu la nyota ni kitu gani? Mfano ni Kilimia, jina linalotokana na kulima, kwani wakulima walikitazama ili kujua majira. Nyota za fungu moja zilizaliwa pamoja, na umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa. Trumpler aliyapanga mafungu kwa mambo matatu: jinsi nyota zilivyosongamana, jinsi zinavyotofautiana kwa mwangaza, na wingi wake. Kisha akapima umbali. Nuru ya nyota ikichanganuliwa kwa rangi zake hueleza joto lake, na joto husaidia kukadiria mwangaza wake halisi. Linganisha mwangaza huo na ule tunaouona, utapata umbali. Ukijua umbali na upana wa fungu angani, utapata ukubwa wake. Ni hesabu tu.

Basi hapo ndipo mambo yalipokataa. Baada ya kukokotoa mafungu 100, aliona kioja: kadiri fungu lilivyokuwa mbali, ndivyo lilivyotokea kuwa kubwa. Ati mafungu yanenepe kwa sababu tu yako mbali nasi? Haingii akilini.

Niwape mfano wa hapa nyumbani. Usiku wa giza wavuvi wa omena huwasha taa ziwani. Ukungu ukitanda, taa hufifia, na aliye ufuoni hudhani ziko mbali kuliko zilivyo. Lakini ukungu haupunguzi nafasi anayoiona kati ya taa na taa. Kwa hiyo akikadiria umbali kwa mwangaza peke yake, atadhani pia kwamba taa zimeachana sana kuliko ilivyo kweli.

Kumbe hata angani kuna kitu kama ukungu: vumbi jembamba kati ya nyota. Mwaka wa 1930 Trumpler alitangaza kwamba ndani ya Njia Nyeupe, kila nuru inaposafiri miaka ya nuru 3,260 hivi, karibu nusu yake hupotea. Tena mafungu ya mbali yalionekana mekundu kuliko joto lake lilivyoruhusu, kama jua la machweo.

Habari hiyo haikuwa ndogo. Wengi walikuwa wakipima kana kwamba anga ni safi kabisa. Harlow Shapley alikuwa amekadiria upana wa Njia Nyeupe kuwa miaka ya nuru 300,000 hivi. Leo unakadiriwa kuwa kama 100,000, na vumbi ni sababu mojawapo ya tofauti hiyo. Hadi sasa, anayepima fungu kwa mwangaza lazima kwanza aondoe athari ya vumbi.

Kuanzia 1938 hadi 1951 Trumpler alifundisha Berkeley. Alifariki tarehe 10 Septemba 1956, akiwa na miaka 69. Baadhi ya mafungu bado yanaitwa kwa jina lake, kama vile Trumpler 14.

Wenzangu, mwanafunzi akipata jibu la ajabu maabarani hushawishika kulifuta na kunakili la jirani. Trumpler hakulifuta lake. Aliliuliza limetoka wapi, likamwonyesha vumbi ambalo wengi hawakulihesabu. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.