Leo Kanner: Daktari wa usonji aliyewatwika wazazi lawama, kisha akawatua

KILA takwimu mpya za usonji zinapotangazwa, wazazi hushtuka. Nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka wa 2000 ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya 150 wenye umri wa miaka minane alikuwa na hali hiyo. Kufikia ule wa 2022, alikuwa mmoja kati ya 31.

Wapo wanaomsaka mchawi katika chanjo, ijapokuwa utafiti wa 1998 uliozua madai hayo ulifutwa mnamo 2010 na jarida lililouchapisha. Wengine, hasa akina mama, hujilaumu wenyewe. Atakaye kujua lawama hizo zilienezwa vipi, na kwa nini idadi imepanda kiasi hicho, hana budi kuyapitia maisha ya marehemu Dkt Leo Kanner.

Kanner alizaliwa mwaka wa 1894 katika familia ya Kiyahudi kijijini Klekotów, eneo lililokuwa chini ya milki ya Austria na Hungary na ambalo sasa limo nchini Ukraine. Alisomea udaktari jijini Berlin, masomo yakakatizwa na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akahitimu baada ya vita hivyo.

Mnamo 1924 alihamia Marekani, akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Yankton, South Dakota. Miaka minne baadaye alijiunga na hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore, na mwaka wa 1930 akaanzisha humo kliniki ya maradhi ya akili ya watoto.

Hakuwa mtu wa kunyamazia dhuluma. Mnamo 1937 alifichua jinsi wasichana wenye ulemavu wa akili walivyokuwa wakitolewa katika taasisi moja ya Maryland kwa amri za mahakama, wakaishia kuwa vijakazi katika nyumba za matajiri. Aidha, aliwasaidia madaktari wengi Wayahudi kuikimbia Ulaya ya Hitler.

Mwaka wa 1938 aliletewa mvulana wa miaka mitano aitwaye Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumweka katika taasisi, wakatii, kisha wakamrudisha nyumbani baada ya takriban mwaka mmoja. Baba mtu, wakili, alitanguliza barua ya kurasa 33: mtoto alifurahia kuwa peke yake, alizungusha vitu kama pia, na alikumbuka mambo kwa namna ya ajabu.

Barua hiyo ya mzazi, kwa maoni yangu, ina nafasi yake katika historia ya tiba. Kanner aliisoma kwa makini, akawachunguza watoto wengine wa aina hiyo, na mwaka wa 1943 akachapisha ripoti kuhusu watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Alikata kauli kwamba walizaliwa na hali hiyo.

Lau angeishia hapo! Katika ripoti iyo hiyo alidokeza kuwa wazazi wengi wa watoto hao walikuwa wasomi wasio na bashasha. Kufikia 1949 dokezo lilikuwa limegeuka shutuma, akawafananisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa ndani ya jokofu. Ajabu ni kwamba mnamo 1941 alikuwa ameandika kitabu kizima cha kuwatetea akina mama.

Wengine waliidaka shutuma hiyo, akiwemo Bruno Bettelheim wa Chicago, ambaye kitabu chake cha 1967 kiliieneza mbali. Akina mama waliokuwa wakikesha na watoto wao wakaambiwa kuwa wao ndio chanzo cha maradhi.

Upande wa idadi, Kanner alilinda lango kwa ukali. Hakumhesabu mtoto asiyekuwa na dalili zote alizozitaka, na wengi walioletwa kwake aliwakatalia jina hilo. Utafiti wa kwanza wa idadi, uliofanywa Middlesex nchini Uingereza na kuchapishwa 1966, ulipata watoto wanne hadi watano tu katika kila 10,000.

Aliyelifungua lango ni Lorna Wing, daktari Mwingereza ambaye binti yake alikuwa na usonji. Mnamo 1979, yeye na Judith Gould walionyesha kuwa watoto wengi wenye matatizo yayo hayo walikuwa wakiachwa nje. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipanuliwa 1987, tena 1994. Sehemu kubwa ya ongezeko linalowatisha wazazi inatokana na upanuzi huo, pamoja na walimu na madaktari kuzijua dalili, ijapokuwa watafiti hawajafunga mjadala.

Mnamo 1969, akiwa amekwisha kustaafu, Kanner alisimama mbele ya wazazi waliokutana Washington na kuwatangaza kuwa hawana hatia. Yalikuwa maneno machache, na kwa wengi yalikuja wakati watoto wao walikuwa watu wazima.

Alifariki Aprili 1981 huko Maryland, akiwa na umri wa miaka 86. Donald, mtoto wake wa kwanza kwenye orodha, alikuja kuwa karani wa benki mjini Forest, akaendesha gari, akacheza gofu na kuzuru nchi nyingi peke yake. Aliaga dunia 2023 akiwa na miaka 89.