Tusimsahau wakili aliyekataa mshahara wa mkoloni

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, walimu wa Asumbi, Ogande, Rapogi na Kanga huulizwa swali lile lile na wanafunzi waliofaulu: nikasomee nini? Wengi huelekezwa kwenye sheria, na hapana ubaya katika ushauri huo. Lakini mwanafunzi huyo akishahitimu na kuapishwa kuwa wakili, hukabiliwa na swali gumu kuliko la kwanza. Aombe kazi serikalini? Abaki Nairobi chini ya mawakili wakubwa? Ama apange chumba karibu na korti ya Homa Bay au Migori na kutundika kibao chenye jina lake? Wazazi, ambao pengine wameuza ng'ombe na shamba ili kumsomesha, aghalabu humsihi ashike mshahara. Kufungua ofisi yake mwenyewe wanakuona kama kucheza bahati nasibu.

Kwa sababu hiyo safu hii leo inamrudia mtu aliyejibu swali hilo zaidi ya miaka sabini iliyopita, wakati lilipokuwa gumu maradufu.

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Siaya. Hakuwa mzaliwa wa Homa Bay wala Migori, lakini habari zake zinawagusa watu wa kusini mwa Ghuba ya Winam, kama tutakavyoona. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, akafika Makerere nchini Uganda, na akatoka huko akiwa mwalimu. Walimu wasomao safu hii na wajue basi kwamba alikuwa mwenzao. Alishika chaki kabla ya kuvaa joho.

Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Serikali ya kikoloni haikumpeleka kusomea sheria. Iliwahitaji Waafrika wawe walimu, waganga wasaidizi na mabwana shamba, na iliwaogopa wanasheria kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuona huko Bara Hindi na Afrika Magharibi jinsi mawakili walivyogeuka kuwa viongozi wa kudai uhuru. Argwings-Kodhek alikwenda Wales kusomea elimu ya jamii, lakini moyo wake ukaelekea kwingine. Alijiunga na Lincoln's Inn mjini London, akafuzu, na anahesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili.

Aliporejea nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ilimtengea nafasi katika idara yake ya sheria. Kazi ilikuwa ile ile aifanyayo Mzungu, lakini mshahara ulikuwa chini sana ya ule wa Mzungu. Argwings-Kodhek aliikataa. Akafungua ofisi yake mwenyewe jijini Nairobi.

Tusilipite neno hili haraka, maana ndilo kiini cha makala haya. Mwafrika wa kufungua ofisi ya uwakili wakati ule hakuwa na mkubwa wa rangi yake wa kumfundisha kazi hiyo. Uwakili ulikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Wateja wenye mali walikuwa wa jamii hizo hizo, na waliwaendea mawakili wao. Mwafrika aliyehitaji wakili kwa kawaida hakuwa na fedha za kumlipa. Juu ya hayo, mawakili walikuwa wamepigwa marufuku kusimama katika korti za Waafrika, zilizosikiliza kesi za mashamba, mahari na mifugo. Mkulima wa Kanyamwa, Suna au Karachuonyo aliyenyang'anywa shamba alisimama peke yake mbele ya wazee wa korti, hata kama angeweza kumlipa wakili. Korti hizo hazikuunganishwa na mahakama nyingine za nchi hadi sheria ya mwaka 1967 ilipopitishwa. Kwa ufupi, mlango wa riziki ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano.

Ndipo mwezi Oktoba mwaka 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari. Sheria mpya zikatungwa, na makosa mengi yakafanywa kuwa ya kunyongwa. Mtu aliyekutwa na bunduki, au hata risasi tu, aliweza kupoteza uhai wake. Korti maalumu zilianzishwa mwaka 1953 ili kuharakisha kesi. Kabla hali ya hatari haijaisha mwaka 1960, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Mshtakiwa maskini aliwekewa wakili na korti kwa ada ndogo, na mawakili wengi wa Kizungu hawakutaka kazi hiyo. Waliojitokeza zaidi walikuwa mawakili wa Kihindi, na pamoja nao Argwings-Kodhek.

Wahenga walisema mgala muue na haki yake umpe. Kumtetea mtu aliyeshtakiwa kuwa wa Mau Mau hakukuwa na maana ya kusifu kila tendo la msituni. Kulikuwa na maana ya kutaka shahidi aulizwe maswali, ushahidi upimwe, na mtu asinyongwe kwa sababu ya kabila lake au kwa neno la mtoa habari aliyelipwa. Mjaluo wa Gem alisimama kuwatetea Wakikuyu, Waembu na Wameru wakati ambapo serikali ilifanya kila juhudi kuwatenga na makabila mengine. Wanafunzi wa historia na waliweke jambo hilo moyoni.

Swali ni hili: je, angeliweza kufanya hivyo kama angelikubali ule mshahara? Jibu ni dhahiri. Angelikuwa upande wa mashtaka, akiwasomea hati za kuwapeleka kitanzini watu wale wale aliowatetea. Chumba alichokilipia kodi mwenyewe ndicho kilichompa uhuru wa kuchagua upande wake.

Gharama yake haikuwa ndogo. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Ireland, katika mji ambao kila rangi ilikuwa na mitaa yake, na ndoa hiyo iliwaudhi wakubwa wa koloni. Maisha yake ya ofisini na ya nyumbani yote yalikuwa chini ya macho ya serikali.

Baadaye siasa zilimvuta. Vyama vya Waafrika vilipigwa marufuku mwaka 1953, na vilipokubaliwa tena mwaka 1955 vilitakiwa viwe vya wilaya tu. Argwings-Kodhek alitaka kuunda chama cha nchi nzima. Serikali ikakataa, na akalazimika kukiita chama cha wilaya ya Nairobi. Mwezi Machi mwaka 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika kiti cha Nairobi alikutana na kijana ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, katika kaunti ya sasa ya Homa Bay: Tom Mboya.

Mboya hakuwa wakili. Alikuwa mwana wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, na alisomea ukaguzi wa afya. Lakini kutoka mwaka 1953 aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na alijua kuweka daftari, kuitisha mkutano ukafanyika kwa saa yake, na kugawa kazi kwa wasaidizi. Argwings-Kodhek alikuwa na ufasaha na sifa za kortini. Mboya alikuwa na mpango. Mboya alishinda kwa kura chache.

Mtu aweza kuuchukua ushindi huo kuwa habari ya siasa tu. Mimi nauona kuwa fundisho kwa kila kijana anayetaka kujiajiri. Elimu na ushujaa hufungua ofisi, lakini mpango ndio unaoifanya idumu. Wakili anayeijua sheria ya ardhi kama kiganja chake, ilhali hajui ni mteja gani amelipa na kesi gani itatajwa Jumanne, hatadumu Migori hata mwaka mmoja. Na wakili anayechanganya fedha za mteja na fedha zake atadumu muda mfupi zaidi, maana sheria inamtaka aziweke katika akaunti ya peke yake.

Baada ya uhuru Argwings-Kodhek alikuwa mbunge wa Gem, na watu wake waligeuza herufi za majina yake, C.M.G., kuwa jina la sifa la Kijaluo, Chiedo Moa Gem, yaani samli itokayo Gem. Aliingia katika baraza la mawaziri, na alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje alipofariki tarehe 29 Januari 1969. Ilitangazwa kwamba alipatwa na ajali ya gari jijini Nairobi, ingawa wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo Mboya aliuawa kwa risasi jijini humo. Washindani wawili wa mwaka 1957 walizikwa mwaka mmoja, mmoja Gem na mwingine Rusinga. Barabara ya mtaa wa Hurlingham ikapewa jina la Argwings-Kodhek, na maelfu huipita kila siku pasipo kujua alikuwa nani.

Kuna watakaosema kwamba Argwings-Kodhek alikuwa peke yake, na kwamba leo mawakili wamekuwa wengi na riziki haba. Hoja hiyo ina uzito jijini Nairobi. Lakini leo kuna korti Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa, Mbita, Migori, Rongo na Kehancha, na mlango uliofungiwa mawakili wakati wa mkoloni uko wazi. Mjane anayefukuzwa katika boma la marehemu mumewe, mkulima wa miwa asiyeuelewa mkataba aliotia sahihi, mvuvi aliyenyang'anywa injini ya mashua: hao wote wangali wanasimama kortini peke yao, si kwa amri ya serikali sasa, bali kwa kukosa wakili aliye karibu na mwenye ada wanayoimudu.

Simwambii kila kijana aukatae mshahara. Serikali nayo inahitaji waendesha mashtaka waaminifu, na mahakimu pia. Namwomba mwalimu, mwanafunzi wake atakapomuuliza juu ya uwakili, asimtajie magari ya mawakili wakubwa pekee. Amsimulie pia habari za mwalimu wa Gem aliyevaa joho, akaulizwa thamani yake na mkoloni, akajibu kwa kutafuta chumba cha kupanga.