Gakaara wa Wanjau: Kalamu na Mtambo wa Karatina

Wanapotajwa waandishi wa Kenya waliotiwa kizuizini au gerezani kwa sababu ya kalamu zao, aghalabu huanza kutajwa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka wa 1969, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekamatwa mwaka wa 1977. Hata hivyo, yupo aliyewatangulia wote wawili, naye ni Gakaara wa Wanjau.

Gakaara alizaliwa mwaka wa 1921 katika eneo la Mathira, Nyeri. Babake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Alisomea Shule ya Upili ya Alliance, lakini alifukuzwa kufuatia mgomo wa wanafunzi, na mnamo 1940 akajiunga na jeshi la Uingereza.

Baada ya jeshi alishika kalamu. Mwaka wa 1946 alichapisha Uhoro wa Ugurani, kijitabu kuhusu taratibu za ndoa. Aidha, aliandika kwa Kiswahili Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, makala ya mwaka wa 1948 yaliyomhimiza Mwafrika asimame kwa miguu yake mwenyewe. Kwa kuwa njia za uchapishaji zilikuwa mikononi mwa wamisheni na serikali ya kikoloni, yeye na wenzake walianzisha kampuni yao ya vitabu. Hilo ndilo lililompambanua Gakaara: hakungoja mlango wa mwingine ufunguliwe.

Mwaka wa 1952 alitunga na kusambaza imani ya Gĩkũyũ na Mũmbi. Mwana huyu wa mchungaji aliichukua sura ya kanuni ya imani ya Kikristo na kuitumia kudai ardhi na uhuru. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huohuo, alikamatwa. Miongoni mwa kambi alizozuiliwa ni ile ya kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu, kitovu cha ushairi mkongwe wa Kiswahili. Humo kizuizini aliweka kumbukumbu za maisha ya wafungwa kwa siri, ingawa kuandika ndiko kulikokuwa kumempokonya uhuru.

Alipoachiliwa hakuisaliti kazi yake. Alichapisha jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, akatunga hadithi za mfululizo za kuchekesha za mhusika Wa-Nduuta, na katika miaka ya 1970 akauweka mtambo wake wa kuchapishia mjini Karatina. Hapo alikuwa mtunzi, mhariri, mpiga chapa na muuzaji kwa wakati mmoja. Vijitabu vyake havikusafiri mbali, lakini viliwafikia wasomaji wa miji ya Mlima Kenya katika lugha waliyoicheka na kuililia.

Mwaka wa 1983 kumbukumbu zake za kizuizini zilitoka kwa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kijana aliyefukuzwa shuleni akawa ameituza Kenya heshima kwa lugha ya mama.

Gakaara aliaga dunia mwaka wa 2001. Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yeye hakutegemea mtambo wa mwingine, na ndiyo maana sauti yake haikuzimika. Mwanafunzi wa fasihi anayelalamika kwamba wachapishaji hawamtaki ana la kujifunza Karatina.