Aliyeandika Juu ya Kisanduku cha Chakula

James White alizaliwa Agosti 4, 1821, huko Palmyra, katika jimbo la Maine nchini Marekani. Utotoni macho yake yalikuwa dhaifu kiasi kwamba hakuweza kusoma, hivyo wenzake walipokuwa darasani yeye alifanya kazi za shamba. Macho yalipopata nguvu alikuwa na umri wa miaka 19. Rafiki zake walimshauri abaki na jembe, kwa kuwa muda wa kusoma ulikuwa umempita. Alikwenda shule hata hivyo, akasoma usiku na mchana, na baada ya majuma 12 akapewa cheti cha kufundisha. Hakuna aliyedhani kwamba huyo angekuwa mwandishi.

Mnamo Novemba 1848, huko Dorchester, Massachusetts, mkewe Ellen alionyeshwa katika njozi kwamba mumewe hana budi kuchapisha gazeti dogo na kulituma kwa watu. James hakuwa na fedha. Katika kiangazi cha mwaka huo alikuwa amekata nyasi za mifugo kwa ujira ili apate nauli ya kwenda mikutanoni. Kiangazi cha 1849 kilipofika, alifikiri kufanya vivyo hivyo ili ajilipie uchapaji. Lakini Ellen alionyeshwa tena kwamba kazi ya mumewe wakati ule haikuwa kukata nyasi. Alipaswa kuandika, na kwa imani fedha zingekuja.

Aliketi kuandika akiwa na Biblia, Itifaki ya Biblia, na kamusi fupi iliyokosa jalada moja. Walikuwa wamepewa nafasi ya kuishi katika nyumba ya muumini mmoja huko Rocky Hill, Connecticut. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu karibu kilometa 13 hadi Middletown, kwa mpiga chapa aliyekubali kungojea malipo yake. Mwezi Julai nakala 1,000 za Ukweli wa Sasa zilikuwa tayari, zenye kurasa nane na ujumbe mmoja: Sabato ya Bwana. Ziliwekwa sakafuni, na kundi dogo likapiga magoti kuzizunguka na kuomba kwa machozi. Kisha zikakunjwa, na James akazibeba katika mkoba mpaka posta. Barua zikaanza kurudi zikiwa na fedha, na deni likalipwa.

Lakini kuvunjika moyo kulikuja pia. Mwanzoni mwa mwaka 1850, akiwa Oswego, New York, James aliamua kuliacha gazeti kabisa. Fedha zilikuwa chache, na baadhi ya ndugu aliowaheshimu hawakuliunga mkono. Ujumbe ukaja kupitia kwa mkewe kwamba aendelee kuandika. Akaendelea.

Mwaka 1852 aliona hitaji jingine: watoto na vijana hawakuwa na masomo yao ya Sabato. Yeye na Ellen walikuwa safarini kwa gari la farasi kutoka Rochester kwenda Bangor, Maine, pamoja na mtoto wao mdogo Edson aliyekuwa mgonjwa. Hapakuwa na meza wala ofisi. Waliposimama kando ya barabara ili farasi ale, James aliandika akitumia kifuniko cha kisanduku cha chakula, au juu ya kofia yake. Ndivyo yalivyoandikwa masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato kwa ajili ya Waadventista, mwanzo wa lesoni inayosomwa leo kila juma.

James White alilala mautini Agosti 6, 1881, akiwa na miaka 60.

Anayetaka kuandika kwa ajili ya Kristo ana mengi ya kujifunza hapa. Aanze na Biblia iliyo wazi mbele yake. Amfikirie msomaji mmoja mwenye hitaji, naye aandike jambo moja linaloeleweka. Autumie muda mfupi alio nao, hata kama ni nusu saa baada ya kazi za siku. Akiisha kuandika, aombe juu ya maandishi yake, kisha ahakikishe yanamfikia msomaji. Na siku atakapotaka kuweka kalamu chini, akumbuke Oswego.

Kwa ajili ya tafakari: Je, ni nani katika kanisa lako anayehitaji neno ambalo hujaliandika kwa sababu bado unangojea meza?